Nimelipa milioni 3 na laki 4, fundi kanipakia puti ya gari chini ya boti!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimeona bora niandike hapa kabla sijaenda kumkunja mtu shati.

Nina boti ya faiba ya futi 22, mkweche wa miaka ya 1990. Wikiendi napeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo, siku za kati nakwenda kuvua. Chini ilikuwa imechoka: mikwaruzo ya kuburuzwa mchangani, halafu malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto. Ukitoboa moja yanatoka maji yananuka siki. Wenye boti za faiba mnaijua hiyo harufu. Maji yameshapita jelikoti, lile gamba la nje linalong'aa, yanakula rezini, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba, kwa ndani.

Nikaipeleka yadi moja hapa Dar, jina naliacha kwa sasa. Tukakubaliana kila kitu: malengelenge yote yapasuliwe, chini kuoshwe kwa maji ya bomba mpaka harufu iishe, boti ikaushwe, mashimo yajazwe epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya, isiyopitisha maji kirahisi), inyooshwe kwa msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu, mwisho rangi ya kuzuia magugu na vigamba. Nikatoa nusu.

Siku ya 9 simu inaita. "Bosi, njoo uchukue chombo."

Siku 9! Mwezi wa 4, masika imechachamaa, boti iko nje imefunikwa turubai. Faiba iliyokunywa maji miaka na miaka inataka wiki kadhaa chini ya paa, siyo siku 9 za mvua. Na kuipima ni bure: unabandika kipande cha nailoni pale chini, unaziba kingo zote kwa tepu, kesho yake unaangalia. Ukiona matone yameganda kwa ndani, weka puti yako pembeni, rudi nyumbani.

Nilikuwa nayajua yote haya, ndiyo maana najichukia zaidi. Nilipofika nikakuta chini kunang'aa, ungeweza kunyolea ndevu pale. Jamaa anapitisha kiganja, "kioo, bosi, kioo." Nikaingia mkenge, nikamalizia hela yote.

Safari ya kwanza tu, ikishapanda juu ya maji, pua inainuka, inapiga, inainuka, inapiga, kama punda aliyekataa mzigo. Nashusha mashine ili pua ikae chini, wapi. Napunguza mafuta inatulia, nikiongeza tunaanza upya. Dada mmoja alitapika hata Mbudya hatujaikaribia. Kabla ya matengenezo boti hii haikuwahi kuruka hivyo, hata na malengelenge yake!

Nikaipandisha kwenye trela, nikaingia chini na rula ya alumini ya mita 2 ya mafundi ujenzi. Nikaiweka kutoka katikati kuelekea nyuma. Mita moja ya kwanza imelala vizuri. Ikikaribia ubao wa injini mwanga unapita, kidole cha shahada kinaingia! Amesaga kwa grenda ya mkononi akifuata mng'ao, nyuma kukabinuka kwenda juu, na ule ukingo wa mwisho uliotakiwa uwe mkali maji yakatike pale, ameuviringa kama sabuni ya kuogea iliyobaki nusu. Maji hayaachii, yanaufuata ule mviringo na kuivuta nyuma iende chini. Pua lazima iruke.

Wiki ya 6 ndiyo nikaona kituko chenyewe. Rangi imepasuka, nikachokonoa kwa bisibisi, kikatoka kipande kipana kama sahani. Puti ya gari! Ile ile ya kuzibia bampa gereji, inayonyonya maji kama chaki. Chini yake faiba mbichi, inatoa jasho, na ile siki bado inanuka.

Nikamwita mzee mmoja wa Kunduchi, fundi wa majahazi. Akagonga kwa sarafu kuanzia mkukuni, ule uti wa chini wa boti, kwenda ubavuni: ko, ko, ko, palipo pazima, halafu bu, bu, palipoachia. "Mwanangu, hapa hujatengenezewa chombo, umepakwa poda." Wao mafundi wa mbao wanangoja bamvua, maji yakijaa sana, wanapandisha chombo, wanakalafati, yaani wanaziba nyufa za mbao, kwa pamba na mafuta, wanapaka deheni, ile dawa ya mafuta na chokaa. Fundi wao akikwambia siku 20 ni 20.

Nikampigia yule wa yadi. Mnajua alinijibu nini? "Bosi, maji ya huku makali." Maji ya huku! Kwani boti yangu aliitengeneza iende Dodoma?

Sasa lazima puti yote itoke, ikaushwe upya, ijengwe kwa epoksi kuanzia mwanzo. Na asiniambie atarudishia jelikoti au puti ya poliesta juu ya epoksi ili apunguze gharama, haishiki vizuri, itanibandukia tena.

Mwenye kujua wapi hapa mjini wanauza epoksi halisi ya boti, siyo ile ya kumimina kwenye meza za mbao, aniambie. Na kama kuna mwingine aliyetengenezewa boti kwa siku 9, aje PM tulinganishe yadi.

Vipande vya puti nimevijaza kwenye ndoo, viko kwenye buti la gari. Jumatatu saa mbili asubuhi nipo getini kwao.