Naomba ushauri: kusimamisha fremu ya mbao ya nyumba kwa mara ya kwanza

MjenziMpya:
Shikamooni, ndugu mafundi. Zege la msingi wa nyumba yangu ya vyumba viwili limekwisha kukomaa, na sasa nataka kusimamisha kuta za mbao nikisaidiwa na mdogo wangu. Mbao ninazo, za inchi mbili kwa nne. Nguzo za ukuta ziachane kwa umbali gani? Je, ni bora kuunganisha ukuta ukiwa umelala sakafuni kisha kuuinua, au kusimamisha nguzo moja moja? Zaidi ya hayo, kuna aliyeniambia kuwa juu ya dirisha inatosha kulaza ubao mmoja, nami nina mashaka, kwa kuwa ukuta huo ndio utakaobeba paa.

FundiMkongwe:
Marahaba, ndugu. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, na kasoro nyingi nilizoitwa kurekebisha kwenye paa zilikuwa zimeanzia chini kabisa, pale ubao wa chini unapokaa juu ya zege. Kabla hujagusa nguzo yoyote, pima msingi kwa mshazari, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, usifuate ukingo wa zege. Piga mistari mipya ya chaki, na kila kona uihakikishe kwa futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na 5 kati ya ncha zake. Ubao wa chini uwe umetiwa dawa, ulale juu ya tabaka la kuzuia unyevu, na ufungwe kwa boliti zisizoachana zaidi ya mita 1.8, huku kila mwisho wa ubao ukiwa na boliti yake ndani ya sentimita 30.

Nguzo ziachane inchi 16, katikati hadi katikati, kwa sababu plaiwudi ya futi 4 kwa 8 hugawanyika sawasawa kwa kipimo hicho. Hapa wanaoanza hukosea sana: hupima kutoka nguzo hadi nguzo, na kosa dogo la kila nguzo hujumlishwa hadi mwisho wa ukuta. Tandaza futi mara moja kutoka kona, weka alama zote, na kila alama uirudishe nyuma kwa nusu ya unene wa nguzo. Hapo ndipo ukingo wa nguzo unapoanzia, na ukingo wa plaiwudi utaangukia katikati yake.

Unganisha ukuta ukiwa sakafuni. Chungulia kila ubao kwa urefu wake uone umepinda upande gani, kisha migongo yote ielekee upande mmoja. Sawazisha mishazari, pigilia ubao wa hanamu, ndipo muinue.

Kuhusu dirisha, mashaka yako ni ya haki, kwani ubao uliolazwa utabonyea. Weka mbao mbili zilizosimama kwa ubavu, zikikalia nguzo fupi kila upande, na kila nguzo fupi iegemee nguzo ndefu. Kimo cha mbao hizo hutegemea upana wa dirisha na uzito wa paa. Hicho umwachie mhandisi akupimie.

FundiUmeme:
Naongeza jambo moja tu, kwa kuwa nimeona nguzo nzuri zikiharibiwa na sisi wa nyaya. Katika ukuta unaobeba paa, tundu lisizidi asilimia 40 ya upana wa nguzo, na mkato wa ukingoni usizidi asilimia 25.

MjenziMpya:
Nawashukuru sana. Baadhi ya mbao bado ni mbichi na nzito. Je, nizitumie hivyo hivyo?

FundiMkongwe:
Hapana, ndugu. Zipange kivulini juu ya vipande vya kuziinua kutoka ardhini, na kati ya safu na safu uweke vijiti ili hewa ipite. Subiri unyevu ushuke chini ya asilimia 19. Ukiharakisha, zitasinyaa na kujipinda zikiwa ukutani, misumari italegea, na plaiwudi uliyoipanga kwa uangalifu itaachana kwenye maungio.