Jumamosi usiku muvi za kutisha za zamani, nianze na ipi? (choo kiko nje)

Mpangaji wa Mabatini:
Wakuu habari za jioni. Wife anaenda kwao Magu na watoto wikiendi hii, nikaona nisikae kinyonge, nimewaita washkaji wanne na shemeji yangu mmoja tukeshe na muvi za kutisha. Nataka zile za zamani, hizi za sasa ni kelele tu, jitu linachomoka kabatini unaruka, dakika mbili umeshasahau. Projekta nimeazima, shuka jeupe lipo, subufa ipo, bisi na dagaa wa kukaanga navyo vipo. Shida ni mbili. Shemeji kashatangaza kwamba picha ya blaki endi waiti ikiwekwa yeye analala. Ya pili, nakaa nyumba ya kupanga huku Mwanza juu kwenye mawe, choo na bafu viko uani na taa ya uani iliungua tangu Pasaka. Nataka tatu, tunaanza saa mbili usiku. Nipangieni basi.

Sato Mbichi:
Anza na Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Dakika 96 tu. Halafu hiyo unaishusha bure bila dhambi, walipobadilisha jina la picha walisahau kurudishia ile alama ya hakimiliki, ikawa mali ya umma mpaka leo. Watu wamejifungia kwenye nyumba ya shambani, nje kuna wafu wanatembea. Basi. Mwambie shemeji ni misukule, ila misukule yetu hulimishwa mashamba ya watu usiku, hii inakula nyama. Na kiongozi wa mle ndani ni mtu mweusi, Duane Jones, mwaka 1968 huko Marekani, na mwisho wake sikuambii ila utakaa kimya.

Jiwe la Bwiru:
Nakubali iwemo ila isiwe ya kwanza. Mkuu ukianza na wafu watu watacheka, watu wakiwa wengi na bisi mkononi saa mbili usiku kila kitu ni komedi, tena utakuta mmoja anaanza kutafsiri kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, kama tuko kibanda umiza cha video, usiku umeisha. Anza na Psycho, Hitchcock, 1960. Nusu saa ya kwanza haina hata kitu cha kutisha, ni dada kaiba hela alizokabidhiwa na tajiri wake anakimbia na gari, watu wanaanza kubishana angefanya nini na zile hela, wameshaingia mtegoni. Kisha anafika gesti, anaingia bafuni kuoga. Kile kipande cha kuchomwa kisu hakizidi dakika moja lakini walikipiga siku saba, damu yenyewe ni sharubati ya chokoleti, kwenye blaki endi waiti inakubali. Kisu karibu hukioni kabisa kikiingia mwilini, ni akili yako inamalizia kazi pamoja na zile fidla zinazopiga kelele. Hapo ndipo ninyi mnachanganya mambo, mnadhani muvi ya kutisha ni ile inayoonyesha sana.
Na Hitchcock aliagiza majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia picha ikishaanza. Fanya hivyohivyo, saa mbili komeo.

Mpangaji wa Mabatini:
Mkuu nimekwambia bafu liko nje halafu unanipa muvi ya bafuni 😂

Jiwe la Bwiru:
Ndo nimekupa kwa sababu hiyo.

Mama Wawili Nyakato:
Kaka yangu, mimi nakushauri kama mpangaji mwenzio, hiyo subufa saa sita usiku majirani watakugongea kabla ya hayo mazimwi. The Exorcist ya 1973 usithubutu. Sio kwamba mbaya, ni kali mno, chumba cha yule mtoto mwenye pepo walikipoza kwa mashine hadi pumzi za waigizaji zikawa zinaonekana, lakini ina mayowe na sauti ya pepo, na huku kwetu mtu akisikia vile ukutani haulizi ni muvi, kesho yake umeletewa mchungaji. Weka Halloween ya John Carpenter, 1978, dakika 91, ina rangi shemeji atulie. Ule muziki ni kinanda tu kinarudiarudia, kautunga Carpenter mwenyewe, sauti ukipunguza ndo unakuwa mbaya zaidi. Kinyago cha yule muuaji walinunua kinyago cha Captain Kirk wa Star Trek wakakipaka rangi nyeupe, hawakuwa na hela. Ila naomba usiwaambie wageni kabla, watacheka.

Mvuvi Mstaafu:
Jaws 1975 mmeisahau, kwa mtu wa ziwani hiyo ndo yenyewe. Yule papa wa mashine alikuwa anaharibika kila siku kwenye maji ya chumvi, ikabidi Spielberg amfiche, ndo maana muda mwingi unaona maji tu.

Mtoto wa Ukerewe:
Shikamoo mzee. Muvi nzuri sikatai ila kabla ya kuweka mambo ya watu na maji uliza kwanza nani atakuwepo. Kwetu hiyo hatuweki. Mama hajapenda maji kwenye tivii tangu meli ya MV Bukoba izame 1996, na wa Mwanza mnaelewa.

Mvuvi Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Umesema kweli, naiondoa.

Mpangaji wa Mabatini:
Wakuu mrejesho. Nilipanga Psycho, Halloween, ya misukule mwisho. Jiwe la Bwiru ulisema kweli, walianza kwa kelele, bafuni pale hata anayetafuna bisi hakuwepo. Shemeji wa kulala ndo alikuwa ananyamazisha wenzake. Halloween nilipunguza sauti kama dada alivyosema, nikajuta. Ya misukule tumeianza kama saa sita, na hapo ndo maji ya kunywa yote yakataka kutoka kwa pamoja. Mkuu, tumekwenda chooni wanaume sita kwa mstari, mmoja anaingia watano wanasubiri nje na tochi za simu, mama mwenye chumba cha mwisho kafungua dirisha akauliza kuna msiba gani.

Mama Wawili Nyakato:
Na shemeji kaoga asubuhi?

Mpangaji wa Mabatini:
Kaondoka hivyohivyo.