Naomba ushauri: lehemu (kolesteroli) iko juu sana, lakini chati inasema hatari ni ndogo

Ndugu wanachama, hasa madaktari mliotutangulia, naomba msaada wa mawazo. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa 4, na wiki hii tulimpokea kliniki mama wa miaka 42, asiyevuta sigara, asiye na kisukari wala shinikizo la damu, ambaye lehemu mbaya, yaani LDL, ilisoma 5.6 mmol/L na ikabaki pale pale tulipoirudia. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ni 1.4, kwa hiyo hesabu ya LDL naiamini, maana kanuni ya Friedewald, inayokokotoa LDL kutokana na vipimo vingine vya mafuta, hupotosha trigliseridi zikizidi 4.5. Nilipompapasa nyuma ya kifundo cha mguu, kano ya kisigino ilikuwa nene, yenye vinundu kama kamba iliyopigwa mafundo. Kaka yake alifariki ghafla akiwa na miaka 44.

Wenzangu wengi walikimbilia chati ya hatari ya moyo, wakapata hatari ndogo, wakapendekeza lishe pekee. Mimi naamini LDL ya 4.9 na zaidi haingoji chati, na nashuku ugonjwa wa kurithi wa lehemu nyingi. Tezi ya shingo, figo na ini tumeshapima, viko sawa, na mama hatarajii kuzaa tena.

Je, pasipo na kipimo cha vinasaba, dalili hizi zinatosha kuanza statini (dawa ya kushusha lehemu) ya nguvu, kwa mfano atorvastatini miligramu 40? Na watoto wake wa miaka 9 na 13, tuwapime sasa au tusubiri?

Nitashukuru sana kwa majibu yenu.