Baiskeli ya graveli ya kisasa au mauntini ya zamani kwa njia za Kwale?

Kisauni_Gurudumu: Asalaam aleikum jamaa. Binamu yangu kasafiri, kaniachia graveli yake, baiskeli ya njia za kokoto na vumbi, wiki tatu. Alumini, tairi 700x42, breki za diski za mafuta, mbele sproketi moja ya meno 40, nyuma kubwa kabisa ina meno 42. Yangu mimi ni mauntini (baiskeli ya milimani) ya chuma ya miaka ya 90, ya mtumba: tairi inchi 26 kwa 2.0, sproketi tatu mbele, breki za kantileva za kubana ringi.

Jumamosi mbili nimefuata njia ileile: feri ya Likoni, Kombani, kupanda Kwale, kisha murram ya kuelekea Kinango. Kwenye lami, ya binamu yaenda yenyewe. Kwenye murram, wallahi, sikuona tofauti ya kunitoa pesa. Lakini kuteremka kurudi Kombani mvua inanyesha, hapo nilijua sijui. Yangu nilivuta kwa vidole vyote na bado ikawa yaenda tu mpaka ringi ikauke. Ya binamu vidole viwili vyatosha. Sasa ataka kuniuzia. Niiachie ile ya chuma?

FundiSpana: Ngoja tuhesabu meno kwanza. Sproketi yako ndogo ya mbele ina mangapi?

Kisauni_Gurudumu: 24 mbele, 28 nyuma.

FundiSpana: Basi kwa gia nyepesi kabisa, mzunguko mmoja wa pedeli wakusogeza kama mita 1.78. Ya binamu ni mita 2.11. Kwenye mlima wa Kwale, ile kongwe yako ndiyo nyepesi. Na tairi yako ina kama milimita 50, nene kuliko hiyo 42. Ndiyo maana murram hukuona tofauti.

MamaWaShanzu: Meno hayasimamishi baiskeli, fundi. Mimi nimeanguka kwenye mteremko kwa kantileva, magoti bado yana alama. Uza.

Tudor_Baharini: Nyote mwasahau chumvi na joto la pwani. Graveli yangu nilikuwa naiweka kibarazani, bahari iko pale mbele. Maji ya kuzibia matundu ya tyublesi (tairi zisizo na tyubu) yalikauka kabla sijapata hata mwiba mmoja. Muulize binamu breki zake zatumia mafuta gani: breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, za SRAM nyingi hutumia DOT, kama ya breki za gari, na DOT hunyonya unyevu wa hewani. Unyevu hapa tunao wa kugawa. Chuma nacho chaliwa kutoka ndani, huoni kitu mpaka siku fremu itoboke. Toa paipu ya kiti, mimina mafuta ndani, geuzageuza. Na hiyo paipu ikiwa ya alumini ipake grisi, la sivyo itagandia humo na hutaing'oa hata kwa nyundo.

MtuWaBara: Mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku nne za mawe na tope, mimi siwezi kupeleka kantileva. Za kisasa ni za kisasa.

Kisauni_Gurudumu: Ndugu yangu, mimi siendi Mara, naenda Kinango 😂 Ndiyo nauliza: nikipata pancha huko?

FundiSpana: Tyubu ya 26 utaipata duka lolote linalouza sukari na mafuta ya taa. Kwa 700 utabahatisha. Tyubu ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo ya inchi 28, huingia, ila valvu yake ni nene na tundu la ringi za kisasa huwa jembamba. Tairi yake usijaribu: ringi ile ina kipenyo cha milimita 635, ya graveli ni 622.

Rai yangu: toa kantileva, funga V-breki, nazo hubana ringi ila kwa nguvu zaidi, palepale kwenye vishikio vyake. Badilisha pia mikono ya breki ya kwenye usukani, ile ya zamani haivuti waya wa kutosha. Raba mpya, ringi uisugue iwe safi.

MamaWaShanzu: Kwenye mvua bado ni raba juu ya ringi.

Kisauni_Gurudumu: Kweli, mama, lakini V-breki naweza kuzilipia leo, graveli nitalipia mpaka mwakani. Fundi, nakuja kesho baada ya alasiri. Binamu nimemwambia asubiri mvua za masika ziishe ndipo tuongee bei. Jumamosi feri ya saa kumi na mbili asubuhi, nani yuko?

Tudor_Baharini: Niko.

MamaWaShanzu: Niko. Kuteremka mimi natangulia, nyinyi mtanikuta Kombani.