Neverball: nadondoka kila nikifika kona ya njia nyembamba, nyie mnapitaje?

mwana_kirumba
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaocheza Neverball, ile gemu ya bure ya kuviringisha mpira, unakusanya koini mpaka mlango wa mwanga ufunguke ndo uingie kabla muda haujaisha. Nimeiweka kwenye laptopu ya zamani yenye Ubuntu, ule mfumo endeshi wa bure, haina kadi ya grafiki ya maana ila nilizima vivuli na ule mng'ao wa sakafu na sasa inakwenda safi kabisa, bando sihitaji wala tangazo sijaona hata moja.

Seti ya Easy nilipita vizuri. Shida ni Medium. Kuna zile njia nyembamba hazina ukingo halafu zinakata kona ya nyuzi 90, hapo ndo naumbuka. Nikifika konani nageuza lakini mpira unaendelea mbele, nikirudisha kwa nguvu unakuja kasi upande wa pili unadondoka huko. Natumia tachipadi, sina mausi. Ni mimi mzito au kuna namna yake?

Halafu mwisho wa kila seti kuna levo zenye namba za kirumi zimefungwa, zinafunguliwaje? Na mwanangu mkubwa anauliza kama tunaweza kutengeneza levo yetu wenyewe. Msaada wenu tafadhali.

fundi_redio
Mkuu karibu sana, umegusa gemu ninayoipenda kuliko zote kwa hiyo nivumilie nitaandika ndefu.

Kwanza elewa kitu kimoja kuhusu hii gemu na mengine yatakaa sawa. Kwa macho unaona sakafu inainama, si ndio? Ndani ya programu sakafu haijainama hata kidogo. Kinachopindishwa ni mvutano, yaani ile nguvu inayouvuta mpira chini inaelekezwa pembeni kidogo kufuata mkono wako, halafu kamera nayo inalazwa kwa pembe hiyohiyo ndo maana unaona dunia nzima imelala. Kwa hiyo wewe huusukumi mpira, unachagua tu "chini" iwe upande gani.

Sasa twende kwenye kona yako. Ukirudisha sakafu ikawa sawa hujafunga breki, umeacha tu kuongeza mwendo. Ile kasi uliyokwisha kuipa inabaki nayo, msuguano upo ila ni mdogo, hauwezi kukusimamisha kwenye kipande kifupi. Ili mpira usimame lazima uinamishe upande wa nyuma, na muda wa kuinamisha nyuma unakaribiana na ule uliotumia kuinamisha mbele. Wengi tunakwenda kasi mpaka konani ndo tunakumbuka breki, hapo tayari umechelewa. Nusu ya kwanza ya njia ongeza, nusu ya pili punguza, ufike konani karibu umesimama. Usiinamishe mpaka mwisho, inamisha kidogo tu, muda wa Medium unatosha kabisa.

Na jambo jingine zuri linatokana na hapohapo: mpira ukiwa hewani bado unakutii, maana mvutano haujali kama unagusa sakafu au haugusi. Ukiona umeruka vibaya usikate tamaa, inamisha kuelekea unakotaka kutua, utashangaa unavyorudi.

bint_likoni
Aliyosema fundi ni sawa ila naongeza la kamera, kwangu mimi ndilo lililonitoa Medium.

Kaka, usigeuze mpira, geuza kamera. Mpira ukishatulia pale konani, shikilia kitufe cha kushoto au cha kulia cha mausi mpaka ile njia mpya iwe imenyooka mbele yako, hata tachipadi ina hivyo vitufe viwili. Ukishikilia na Shift inazunguka haraka zaidi. Kisha endelea kwenda mbele tu. Kila kona inageuka kuwa njia ya moja kwa moja, unabaki na kazi mbili, mbele na breki, huyumbi pembeni. Kwenye njia nyembamba kinachoua ni kwenda kimshazari, yaani unapeleka mbele na kushoto kwa pamoja halafu hujui ni upi umezidi.

Halafu angalia umeweka kamera gani maana ziko tatu. Kuna Chase inayofuata mpira unakoelekea, hii ni nzuri sehemu pana zenye kasi. Lakini kwenye njia nyembamba ukirudi nyuma kidogo tu yenyewe inaanza kuzunguka kutafuta uelekeo, na uelekeo wa mkono wako unabadilika ukiwa katikati ya hatari! Weka Manual, hiyo haigeuki mpaka uigeuze mwenyewe. Lazy iko katikati ya hizo mbili, mimi naitumia levo zenye vijukwaa vinavyotembea.

kisiwani_pc
Achana na tachipadi mkuu, tumia vishale vya kibodi. Tachipadi ukiondoa kidole sakafu inabaki imeinama palepale ulipoiacha, mpaka uvute kidole kurudi, ndo maana unazidisha. Kibodi ukiachia kishale sakafu inarudi sawa yenyewe.

fundi_redio
@kisiwani_pc hapo kwenye tachipadi nakubali, lakini kibodi sikubali nayo. Kishale hakijui "kidogo", umekibonyeza kinainamisha mpaka mwisho, itabidi agongegonge. Easy inavumilia hilo, seti ya Hard haivumilii. Kama hana hela ya mausi sasa hivi, aongeze namba ya mouse_sense kwenye faili la neverballrc lililo ndani ya folda ya .neverball. Ile namba ni kiasi gani kidole kitembee ndo sakafu iiname, ikiwa kubwa mkono unakuwa mzito na unapata ule utulivu. Akipata joistiki yenye kijiti ni bora zaidi kuliko vyote, maana kijiti ukikiachia kinarudi kati na ukikisogeza kidogo kinainamisha kidogo.

@mwana_kirumba levo za kirumi ni za bonasi, zinafunguliwa kwa kucheza Challenge. Kule unaanzia levo ya kwanza na mipira michache, ukidondoka unapoteza mmoja, kila ukifikisha koini 100 unapata mpira mwingine. Kwa hiyo kule koini zina kazi mbili. Ya njano ni 1, nyekundu 5, bluu 10. Ukiona bluu iko sehemu ya hatari piga hesabu kwanza kama inalipa, hapo ndo gemu inakuwa fumbo na siyo mikono tu.

mzee_wa_arcade
Nafurahi vijana kuona bado mnaipenda hii aina ya gemu. Ukoo wake ni mrefu. Mwaka 1984 Mark Cerny alitengeneza Marble Madness pale Atari Games, kijana mdogo sana wakati huo, na ndiye huyohuyo baadaye aliyekuwa mbunifu mkuu wa PlayStation 4. Ile ilichezwa kwa tufe kubwa unalolizungusha kwa kiganja. Sega wakaja na Monkey Ball mwaka 2001, nyani ndani ya mpira, na hapo ndipo wazo la kuinamisha sakafu badala ya kusukuma mpira liliposhika kweli. Wajerumani wa Cyparade wakatoa Ballance mwaka 2004, mpira unabadilika kuwa wa mbao, wa jiwe au wa karatasi, wa karatasi unapeperushwa juu na feni na wa jiwe unasukuma vitu vizito. Mafumbo mazito yale, nawashauri mkiipata mcheze.

Lakini Neverball naipa heshima ya pekee. Aliianzisha Robert Kooima, ikatoka 2003, na msimbo wake wote uko wazi kwa leseni ya GPL, kwa hiyo watu wengine wameendelea kuongeza levo na kuitunza mpaka leo. Gemu za makampuni nilizozicheza miaka hiyo nyingi haziwaki tena kwenye kompyuta za sasa. Hii kwenye Ubuntu unafungua dirisha la amri, unaandika sudo apt install neverball na iko hapo, na kama mnacheza wengi kuna ndugu yake Neverputt, gofu ndogo ya kupokezana kompyuta moja, hadi watu wanne.

mwana_kirumba
Wakuu na dada yangu wa Likoni asanteni sana sana. Nimeweka Manual, nimeongeza ile namba kwenye faili, na kile cha nusu kuongeza nusu kupunguza ndo kimenifungua macho, nimepita ile levo na nyingine mbele yake. Mwanangu yeye ameshaanza Challenge na sasa laptopu siipati. Bado swali la kutengeneza levo, yeye ameshachora kwenye daftari, njia inayozunguka mnara halafu juu kuna swichi ya kuita kijukwaa.

bint_likoni
Mpe hongera huyo kijana! Inawezekana kaka, na mchoro wa daftari ndio mwanzo wenyewe.

Levo inachorwa kwenye programu ya GtkRadiant, ile ya kuchorea ramani za gemu ya Quake, au NetRadiant iliyotokana nayo. Unajenga kwa matofali ya umbo lolote, unaweka koini, swichi, mlango na mahali mpira unapoanzia. Inahifadhiwa kama faili la .map ambalo ni maandishi ya kawaida, unaweza hata kulifungua ukasoma. Halafu kuna kijiprogramu kinaitwa mapc kinachobadilisha .map kuwa .sol, hilo ndilo gemu inalolisoma.

Mambo mawili yanayokwamisha wanaoanza. Muda unaandikwa kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo dakika moja ni 6000, ukiandika 60 levo inaisha kabla mpira haujagusa chini. Na idadi ya koini za kufungua mlango unaiandika wewe kwenye sehemu ya ramani iitwayo goal, hakikisha koini zilizopo kwenye ramani zinafikia hiyo idadi, la sivyo mlango haufunguki milele.

Kuhusu mnara wake, mwambie kijukwaa akipe njia yake ya kupita kwanza, kitembee chenyewe bila swichi, ajaribu. Kikitembea sawa ndo aongeze swichi ya kukiwasha. Akianza na vyote pamoja na kikagoma hatajua kosa liko wapi. Akikwama aweke faili la .map hapa, nitalifungua nimwangalizie.