Wahudumu wa watu wenye ulemavu wa akili, Maine: tuseme nini mbele ya kamati?

Bahati wa Lewiston

Habari zenu wakuu. Sisi ni wahudumu tisa kwenye nyumba za watu wenye ulemavu wa akili na usonji hapa jimbo la Maine, Marekani, kazi inayoitwa DSP. Wengi wetu tumetoka Kongo na Burundi. Kuna mswada wa kupandisha malipo ya kazi hii, na kamati ya afya ya Bunge la jimbo itasikiliza wananchi Augusta baada ya wiki mbili. Tumeambiwa kila mtu ana dakika tatu. Tuseme nini? Kampuni inaweza kutufukuza? Na ambao Kiingereza chao hakijakaa sawa wafanyeje? Mwenzetu mmoja anataka tueleze jinsi kodi ya nyumba ilivyopanda, kisha tudai ile kanuni ya serikali kuu kwamba asilimia 80 ya malipo ya huduma iende kwenye ujira wa wahudumu. Naombeni ushauri wa wanaozijua kamati hizi.

Kaka Rashidi

Dada Bahati, kwanza jueni fedha inatoka wapi, maana wengi hukosea hapo na maneno yao yanakwenda kwa asiye na uwezo wa kuyafanyia kazi.

Nyumba za namna hiyo kwa kawaida zinalipwa na MaineCare, yaani Medicaid ya Maine (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu), kupitia Kifungu cha 21 chenye huduma kamili au cha 29 chenye huduma pungufu. Bei ya huduma inapangwa na jimbo. Kampuni haiwezi kuipandisha kama muuza duka anavyopandisha bei ya unga. Kwa hiyo anayeombwa ni jimbo, na mnaomba viwango vya malipo vipande pamoja na sharti kwamba nyongeza ifike kwenye mshahara wa mhudumu. Msipolitaja sharti hilo, fedha inaweza kuishia kwenye bima, magari na ofisi.

Tangu Januari 2022 sheria ya Maine inataka viwango vihesabiwe kwa mshahara usiopungua asilimia 125 ya kima cha chini cha jimbo. Mwaka 2025 kima kilikuwa dola 14.65, kwa hiyo asilimia 125 ni dola 18.31. Sasa angalieni Portland. Mji ule una kima chake, na mwaka huohuo kilikuwa dola 15.50. Ukiweka 18.31 juu ya 15.50 unapata ziada ya asilimia 18, wala si 25. Kipimo ni cha jimbo zima, lakini mhudumu wa Portland analipa kodi ya nyumba ya Portland. Hoja hii haisemwi vya kutosha, na ina nguvu kwa sababu haibishaniwi: ni hesabu tupu.

Jambo la pili ni gharama. Serikali kuu inarudisha zaidi ya senti 60 katika kila dola ambayo Maine inatumia kwa huduma hizi. Chukua nyongeza ya dola 1 kwa saa. Kwa saa 2,080 za mwaka ni dola 2,080 kwa mhudumu wa muda wote. Weka asilimia 7.65 ya kodi ya Social Security na Medicare anayolipa mwajiri, zinafika kama dola 2,239. Sehemu ya jimbo hapo haifiki dola 900. Itajeni namba hiyo kwa sauti, kwa sababu upande wa pili watataja ile kubwa.

Mama Neema

Naongezea kwenye maneno yenyewe ya kusema.

Kodi ya nyumba ipeni sentensi moja, mpite. Si kwamba haina uzito. Kamati husikia habari hiyo kutoka kwa kila kazi, kuanzia walimu hadi madereva wa magari ya kuondoa theluji. Kitu ambacho ninyi peke yenu mnakijua ni yale yanayompata mtu mnayemhudumia pale zamu inapokosa mtu. Nyumba ikikosa mwenye cheti cha CRMA, hakuna wa kutoa dawa ya saa mbili usiku. Zamu ya watu wawili ikibaki na mmoja, hakuna anayetoka: miadi ya meno inaahirishwa, kanisani haendi, kazini kwake haendi. Na mtu asiyeongea, ambaye hujipiga kichwa pindi jino linapomuuma, anahitaji mhudumu aliyekaa naye muda wa kutosha kuijua dalili hiyo. Mhudumu mgeni ataandika "tabia mbaya" kwenye daftari, na jino litaendelea kuoza.

Basi kusanyeni hesabu. Kwa wiki hizi mbili kila mmoja aandike, kwenye karatasi yake mwenyewe wala si kwenye mfumo wa kampuni: saa zilizopangwa, saa zilizokosa mtu, mara alizobakizwa baada ya zamu kwisha, miadi na matembezi yaliyofutwa, na wahudumu wangapi tofauti wameingia nyumba moja. Jumlisheni za watu tisa. Namba moja iliyojumlishwa ina uzito kuliko simulizi tisa.

Hapa pana hatari, tafadhali msome mara mbili. Msitaje jina la mhudumiwa, herufi za jina, mtaa, picha, wala ugonjwa ukiambatana na jina la mji. Sheria ya HIPAA inalinda habari hizo, na mtu anaweza kufukuzwa kihalali kwa kuzitoa. Katika mji mdogo, ukisema "mzee mwenye mtindio wa ubongo kwenye nyumba yetu" umeshamtaja.

Kuhusu asilimia 80: acheni kabisa. Kanuni ya 2024 iliweka asilimia hiyo kwa huduma za usaidizi wa nyumbani na wa mwili, na utekelezaji wake ulipewa miaka sita. Huduma za mafunzo ya stadi za maisha, ambazo ndizo sehemu kubwa ya kazi ya DSP, ziliingizwa kwenye kutoa taarifa tu. Mjumbe mmoja akiijua kanuni atawasahihisha hadharani, na mengine yote mliyosema yatapoteza uzito.

Mpango wa dakika tatu: salamu kwa wenyeviti na wajumbe, jina lako na mji unaokaa, namba ya mswada, unaunga mkono, namba yenu moja, picha moja ya zamu iliyokosa mtu, ombi moja, asante. Kwa Kiingereza ni maneno 350 hivi. Someni kwa saa, kwa sauti, mara tatu. Gawaneni pia: mmoja aongee juu ya dawa, mwingine juu ya kubakizwa zamu, mwingine juu ya hesabu ya Portland. Tisa wakirudia jambo moja, kuanzia wa nne wajumbe wanatazama simu.

Na waombeni wahudumiwa wenyewe, kama wanataka, waseme. Maine kuna chama chao, Speaking Up for Us. Mtu akisema kwa kinywa chake kwamba wahudumu wanaondoka kila mara na anachoka kuanza upya, hakuna mhudumu atakayeyasema vizuri kuliko yeye. Wajumbe wazee bado wanakumbuka Pineland, taasisi ya kuwaweka watu wenye ulemavu wa akili iliyofungwa 1996. Jimbo liliahidi kwamba watu wataishi mitaani kama wengine, na ahadi hiyo inabebwa na mikono ya wahudumu.

Bahati wa Lewiston

Asanteni sana. Asilimia 80 tumeifuta. Bado suala la kufukuzwa: mmoja wetu ni msimamizi wa nyumba, na wawili wanasubiri uamuzi wa hifadhi.

Mwakazi

Kampuni binafsi, hata isiyo ya faida, inabanwa na sheria ya mahusiano ya kazi ya 1935. Kifungu cha 7 kinalinda wafanyakazi wanaoshirikiana kuboresha hali ya kazi, na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1978, katika kesi ya Eastex, ilikubali kwamba kupeleka hoja kwa watunga sheria kumo ndani ya ulinzi huo. Neno kubwa ni kushirikiana. Nendeni kama kundi, na muwe na ujumbe wa simu au karatasi inayoonyesha mlipanga pamoja. Malalamiko yanapelekwa NLRB, bodi ya serikali kuu ya mahusiano ya kazi, ndani ya miezi 6 tangu tukio.

Msimamizi wa nyumba ndiye mwenye wasiwasi wa haki. Sheria hiyo haimlindi "supavaiza", na cheo chenyewe si kipimo. Linalotazamwa ni kama kweli ana mamlaka ya kuajiri, kuadhibu au kupanga kazi kwa uamuzi wake. Kama anajaza ratiba tu jinsi ofisi ilivyoagiza, huenda analindwa. Kama anaadhibu watu, bora asaidie kuandaa hesabu na asipande jukwaani.

Wote: nendeni siku isiyo ya zamu, tumieni barua pepe zenu, msivae fulana ya kampuni, na semeni "nazungumza kwa niaba yangu".

Waombaji wa hifadhi nao wana haki ya kusema, na sheria hiyo ya kazi haibagui kwa hali ya uhamiaji. Lakini ushahidi ni kumbukumbu ya umma: jina na mji vinabaki kwenye tovuti ya Bunge. Wazungumze na wakili wao kwanza. Wakiona hapana, saa zao zaweza kuingia kwenye jumla bila majina yao.

Kuhusu lugha, mwandikieni karani wa kamati sasa hivi, si siku ya mwisho, mumwulize habari ya mkalimani. Maandishi ya Kiingereza yatumwe kwenye tovuti kabla, ili wajumbe wasome wakati anayesema anatumia Kiswahili. Ukiwa na mkalimani, andika maneno 180 tu, kwa sababu kila sentensi itasemwa mara mbili.

Kaka Rashidi

Moja ambalo watu hulisahau. Kamati ina wajumbe 13, maseneta 3 na wawakilishi 10, na kikao cha wananchi ni hatua ya mwanzo tu. Kinafuata kikao cha kazi, ambako mswada unarekebishwa na kupigiwa kura. Hamtasema tena isipokuwa mkiulizwa, ila kaeni ndani muonekane. Ukipita kwenye mabaraza mawili na una gharama isiyomo kwenye bajeti, unawekwa kwenye meza ya matumizi ya Seneti, ukisubiri kamati ya fedha. Miswada mingi mizuri inafia pale kimyakimya mwisho wa msimu, watu wakidhani wameshashinda.

Msimu unafungwa Jumatano ya tatu ya Juni katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, na Jumatano ya tatu ya Aprili katika mwaka unaogawanyika. Hesabuni wiki nne kurudi nyuma. Kila mmoja amwandikie seneta na mwakilishi wa anapoishi aya moja: namba ya mswada, sehemu ya jimbo ile ya chini ya dola 900, na ombi kwamba autetee utoke mezani. Nakala iende kwa wajumbe wa kamati ya fedha.

Mama Neema

Na wiki hizo nne endeleeni kuandika saa zilizokosa mtu. Watakapouliza kama hali imebadilika, muwe na jibu la wiki iliyopita.