Mwanafunzi mwaminifu wa Yesu anapimwaje kabla ya kukabidhiwa wengine?

Mlezi_wa_Kundi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. 2 Timotheo 2:2 inataka mafundisho yakabidhiwe watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Tunda la Roho la Wagalatia 5:22-23 tunalijua kwa kichwa, lakini kundini kila mtu anaomba vizuri na kuimba vizuri. Mlezi aangalie tabia gani hasa, na kwa muda gani?

Karani_wa_Neno
Tenganisha kwanza karama na tabia. Karama huonekana siku moja, tabia inataka muda. Ndiyo maana 1 Timotheo 3:6 inamkataa aliyeongoka karibuni, na mstari wa 10 unataka mashemasi wajaribiwe kwanza. Biblia haikutaja miezi, kwa hiyo usitafute namba takatifu. Kwa kundi linalokutana kila wiki, miezi sita hadi mwaka inatosha kumwona mtu akiwa na furaha, akiwa na msiba, akiwa na hela na akiwa hana.

Mpe kazi ndogo isiyo na makofi, yenye siku na saa: kufungua ukumbi, kutunza daftari la mahudhurio, kumjulia hali mgonjwa. Mweleze mara moja, kisha usimkumbushe. Baada ya wiki nne, uliza ilikuwaje siku ambayo hukuwepo. Na iliposhindikana, alitoa taarifa mapema au alingoja aulizwe? Hiyo ndiyo Luka 16:10 ikitembea: aliye mwaminifu katika dogo ni mwaminifu na katika kubwa. Tunakosea pale tunapoanza na mimbari: mwenye ulimi mzuri anapita mtihani ambao haukuwa wa uaminifu.

Fedha zisiwe chambo. Yuda alishika mfuko, na Yohana 12:6 inasema alikuwa akiiba. Paulo mwenyewe hakutaka kusimamia changizo peke yake, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:19-21). Sadaka ihesabiwe na watu wawili, wote watie sahihi, hata kama mmoja wao ni mchungaji.

Mama_Mwombaji
Mimi ningeweka juu ya yote kukubali kuonywa. Mwite faraghani kama Mathayo 18:15 inavyosema, umwambie jambo moja tu, kwa tukio na siku yake. Usiseme "wewe huwa mzembe". Sema "Jumapili uliahidi kuja saa mbili, ukaja saa nne". Akijitetea kidogo, mwache, ni ubinadamu. Wasiwasi uanze akinuna na kukosa vipindi, au akiitikia "amina mtumishi" upesi mno na wiki inayofuata mambo ni yale yale. Linganisheni wafalme Sauli na Daudi. Sauli alikiri dhambi, na papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee (1 Samweli 15:30). Daudi mbele ya nabii Nathani alikiri bila kumsukumia mtu mwingine (2 Samweli 12:13).

Mlezi_wa_Kundi
Asante mama. Na aliyewahi kuacha huduma njiani?

Karani_wa_Neno
Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba kule Perge (Matendo 13:13). Paulo akakataa kumchukua tena, Barnaba akaenda naye Kipro (15:37-39). Miaka baadaye Paulo huyo huyo anaagiza aletwe, maana anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Mstari mmoja juu yake yupo Dema, aliyewahi kutuma salamu pamoja na Luka (Wakolosai 4:14), sasa amemwacha Paulo na kwenda zake Thesalonike. Rekodi ya zamani haitoshi, iwe mbaya au nzuri. Mrudishe akiwa na mwenzake aliyekomaa, kwenye kazi ya aina ile ile aliyoiacha ila ndogo zaidi, na bila kumtangaza kanisani.

Msomaji_Mberoya
Yote sawa, ila walezi wasigeuke wapelelezi. Yesu alisema wanafunzi wake ni wale wanaokaa katika neno lake (Yohana 8:31), hakusema katika neno la mlezi. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko waone kama aliyohubiri Paulo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Anayekuuliza "hilo limeandikwa wapi?" kwa adabu, usimkate jina kwenye orodha.

Halafu mmesahau 1 Timotheo 3:7, ushuhuda wa watu wa nje. Akijua na akiridhia, waulizeni anaofanya nao kazi: hulipa deni siku aliyoahidi? Akiudhiwa huongeaje? Majibu yao yana uzito, kwa sababu wao hawamwoni akiwa na Biblia mkononi.